Sale Lisilotaja Kosa

Ijumaa ya tarehe kumi na nne Juni, mwaka elfu mbili ishirini na nne, ndiyo siku walipomtoa Kornelia kitandani ili wodi ipendeze. Aristides hajawahi kuisema habari hiyo kwa namna nyingine, na hataki mtu amsaidie kuilainisha. Majirani wa Kibosho husema, "ile siku mama Violet alipopata ruhusa." Ruhusa gani? Ruhusa hupewa aliyeomba. Mke wake hakuomba kitu pale ila blanketi la pili, na hilo hakulipata.

Jumamosi yake alikuwa anakuja mgeni mkubwa kufungua jengo jipya la Hospitali ya Kilele, kule chini mjini Moshi. Wiki nzima watu walikuwa wanapaka chokaa mawe ya njiani na kupanda maua ambayo hata mizizi hayajashika. Na wodi ya akina mama ilikuwa imejaa, vitanda vingine wamelala wawili wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Sasa mgeni mkubwa aone hivyo? Ikatoka amri kwamba anayeweza kusimama aende kwao. Amri ilitoka kwa nani, hilo ndilo Aristides analolitafuta mpaka leo.

Ugonjwa wenyewe ulichukua miaka kujulikana. Ulianza na mifupa. Kornelia, mwanamke aliyekuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani huku anapiga stori, alianza kuamka ameshika kiuno. Zahanati wakampa sindano ya maumivu. Akapata mawe kwenye figo, yakatoka kwa kilio, yakaja mengine. Wakamwambia anywe maji. Maji alikuwa anakunywa mpaka anajicheka mwenyewe. Aristides ndiye mgawa maji wa mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu kutoka msituni kuja kwenye migomba, na mkewe alikuwa akimwambia, "Baba Violet, hebu upitishe mfongo wote humu jikoni ninywe mimi kwanza, migomba isubiri."

Halafu akaacha kutania. Akawa mzito, anasahau alichokifuata ndani, analia bila kuguswa. Wenye makoti meupe wakasema ni uzee. Mwingine akasema ni mawazo, kwa vile mtoto wao Violet yuko mbali Dar es Salaam. Siku moja akanyanyua ndoo ya kawaida, mkono ukavunjika kama kijiti cha kahawa kilichokauka. Nesi wa zahanati akamtazama Aristides kwa jicho la kuuliza kama anampiga mkewe. Jicho lile hajalisamehe.

Aliyekuja kuona tatizo ni Daktari Ebenezeri, mpasuaji wa Kilele, mtu wa Machame, mrefu mwenye sauti ndogo. Alipima damu, akawaketisha wote wawili, akachora shingo kwenye karatasi. Nyuma ya tezi la shingo, akasema, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa parathiroidi. Kazi yake ni kuangalia kalsiamu kwenye damu isizidi wala isipungue. Kimoja cha Kornelia kimevimba kikawa kama njugu mawe, na kimepata wazimu, kinaiamuru mifupa itoe kalsiamu yake mchana na usiku. Mifupa inabaki mitupu, damu inajaa, figo zinatengeneza mawe.

"Hiki hakibembelezwi," daktari akasema. "Tunakitoa."

"Kwa hiyo mnanichinja," Kornelia akasema.

"Tunakata kidogo tu mama, hapa kwenye mkunjo. Ukivaa mkufu hakuna atakayeona."

"Mkufu ataninunulia nani? Huyu?" Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Aristides kumsikia akitania, na alitamani kumkumbatia pale pale mbele ya mtu wa Machame.

Kisha daktari akaacha kucheka. Alisema kukata si kazi, kazi ni siku zinazofuata. Mifupa ya mama ina njaa ya miaka. Amri ikikoma, mifupa itaivuta kalsiamu yote iliyo kwenye damu. Midomo itawasha, vidole vitakufa ganzi, misuli itakaza, na moyo nao ni msuli. "Kwa hiyo atakuwa na dripu ya kalsiamu, na tutampima damu asubuhi na jioni. Hatoki hapa mpaka nione imetulia."

Aristides aliielewa habari hiyo kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia parokiani. Ukifungulia maji kwenye shamba lililokauka, udongo wa juu unameza yote, na migomba ya chini haipati hata tone. Siku hiyo mgawa maji haondoki. Anakaa pale na jembe lake mpaka maji yafike mwisho wa shamba. Akamwambia daktari hivyo.

"Ndivyo hasa, mzee wangu," daktari akasema.

Alipasuliwa Jumatano, na ilikwenda vizuri. Kitezi chenyewe walimwonyesha Aristides kwenye kichupa, kitu chekundu kisicho na sura. Akakitazama akajiuliza ni vipi kidubwasha kama hicho kimevunja mkono wa mtu. Alhamisi Daktari Ebenezeri akaitwa mkutanoni Dodoma. Alipita wodini na begi lake mkononi, na Aristides alimsikia kwa masikio yake akiagiza: dripu isitoke, damu ipimwe, asiondoke mpaka nirudi Jumatatu.

Ijumaa asubuhi Kornelia akasema, "Baba Violet, midomo yangu kama ina siafu."

Aristides hakungoja. Alimfuata nesi Gladness, binti mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha, akamwambia, midomo imeanza, daktari alisema ikianza tuseme. Gladness akasema, "Sawa baba, naenda kuwaambia." Akaenda kweli. Aliporudi alikuwa hamtazami mtu usoni, na kwenye mikono amebeba shuka mpya za bluu, bado zina mikunjo ya dukani. Akaichomoa dripu.

"Mama ana ruhusa. Atumie hivi vidonge, na maziwa kwa wingi."

"Nani kasema? Daktari alisema asiondoke."

"Baba, mimi nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Wakubwa wana majina."

Gladness akaanza kutandika shuka upande mmoja wa kitanda wakati Kornelia bado amekalia upande mwingine.

Filemon, mdogo wake Aristides, aliwapandisha Kibosho kwa Noah yake. Ile barabara mnaijua. Kila shimo Kornelia alikuwa anafumba macho na kusugua vidole, na Aristides akawa anamwambia, utakunywa maziwa, utakunywa maziwa, kama mtu anayembembeleza ndama.

Jumamosi nyumba ilijaa. Mtu akitoka hospitali amepasuliwa na anapumua, huku kwetu watu hawaji mikono mitupu. Zilikuja ndizi, yakaja maziwa, na dada mkubwa wa Aristides, Margareta, akaja na nyama akaingia moja kwa moja jikoni kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Watu wakatazamana. Margareta na Kornelia walikuwa hawasemeshani tangu mwaka wa nyuma, siku ule mkono ulipovunjika. Margareta alisema msibani mbele ya watu kwamba mifupa ya mke wa kaka yake haina ugonjwa ila uvivu.

Mchana, Kornelia akiwa ameegemea mto, mkono wake wa kulia ukajikunja. Kifundo kilipinda, vidole vikanyooka na kubanana, kidole gumba kikajificha ndani ya kiganja. Haukufunguka hata alipojaribu kuufungua kwa ule mwingine. Margareta alikuwa anamletea bakuli la mtori. Aliuona mkono ule, bakuli likamtoka.

"Anashika sale," akasema.

Na kweli, ukiutazama, hivyo ndivyo mtu anavyoshika sale. Sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini, na mtu akikukosea akaja nalo mkononi limefungwa fundo, akakiri, umwachilie. Hata aliyemwaga damu huja nalo. Sasa mkono wa mgonjwa ujikunje wenyewe namna ile, mbele ya mtu aliyemtukana? Hakuna hata mmoja chumbani aliyefikiria kalsiamu. Hata Aristides, aliyechorewa shingo na kuelezwa kila kitu. Alikuwa na maneno ya daktari kichwani, lakini yale ya nyumbani yalifika kwanza. Alikimbilia mpakani na panga, akalikata sale mwenyewe.

Margareta akapiga magoti. Hakuzungukazunguka. "Kornelia, nilisema wewe ni mvivu. Nilisema mbele ya watu, kwenye matanga ya mzee wa jirani. Nilijua unaumwa, nikasema hivyo kwa sababu ng'ombe wako wanakamuliwa maziwa mengi kuliko wangu. Ni uongo wangu. Niachilie."

Kornelia, kona ya mdomo ikimrukaruka, akasema, "Ungesema ng'ombe tangu mwanzo, ningekupa ndama." Watu wakacheka huku wanalia. Margareta akaliingiza jani katika vile vidole vilivyobanana, na mkono, Mungu anajua kwa nini, ukalegea kidogo. Basi wote wakaridhika. Mtori ukagawiwa, watu wakakaa, na mchana wote ukaenda namna hiyo, wanasifu jinsi jambo lilivyomalizika vizuri.

Jua lilipoanza kushuka, Kornelia akakaza mwili mzima, macho juu, povu mdomoni. Wakambeba. Noah ilishuka kwa kasi ambayo Filemon hajawahi kuirudia. Walipofika Shirimatunda, Aristides akamwambia mdogo wake apunguze mwendo, haina haja tena.

Hospitalini walimpokea wakamlaza kwenye machela. Aristides aliingia wodini kutafuta mtu wa kumwuliza, akakiona kile kitanda. Kimetandikwa shuka ya bluu, mikunjo imenyooshwa, hakuna aliyekilalia. Akamwuliza mfagiaji kama mgeni mkubwa alipapenda. Mfagiaji akasema mgeni alikata utepe, akanywa soda, akaondoka. Upande ule wa wodi hakufika kabisa.

Baada ya kuzika alianza kushuka mjini. Alishuka mara nyingi, amevaa koti lake la kanisani. Swali lake lilikuwa moja: nani alisema Kornelia aende nyumbani? Nesi Gladness akasema amri ilitoka kwa mkuu wa wauguzi. Mkuu wa wauguzi akasema wauguzi hawatoi ruhusa, ruhusa ni ya daktari. Daktari Ebenezeri akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, mimi sikuwepo," akabaki anaangalia viatu vyake. Daktari aliyekuwa zamu ile Ijumaa amehamishwa, na hakuna anayejua aliko. Ikabaki ofisi ya katibu wa hospitali.

Katibu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye feni mezani. Alimkaribisha chai.

"Mzee Aristides, pole sana. Ila na sisi tumepata taarifa. Inasemekana nyumbani kulikuwa na mambo ya mila siku ile. Mgonjwa amekaza mkono tangu mchana, analetwa jioni. Unaona hapo?"

Aristides aliweka kikombe chini taratibu, maana alijiona anaweza kukitupa.

"Naona. Tulichelewa. Tulikosea, na Kibosho nzima inajua tulikosea, kwa sababu tumesema wenyewe. Mimi ndiye niliyelikata lile jani. Sasa mimi nimesema langu. Sema na wewe lako."

"La kwangu lipi?"

"Ndilo nakuuliza."

"Hospitali ni taasisi, mzee. Mambo hayaendi kwa mtu mmoja mmoja."

"Kwenye mfongo wetu kuna koo nyingi," Aristides akasema. "Nyingine hazipendani. Lakini shamba la mtu likikauka, kabla jua halijazama tumeshajua aliyefunga maji ni nani. Na hatujasoma. Nyinyi mna kompyuta."

Katibu akamwambia atapigiwa simu.

Walikuja wenyewe, msimu wa kahawa ulipokuwa umekolea. Aristides alikuwa kibandani anakoboa, mikono inanata maganda, aliposikia gari jeupe la hospitali likikwaruza mawe. Alishuka katibu, akashuka afisa ustawi wa jamii, dada anayeitwa Elinipendo, na nyuma yao Daktari Ebenezeri, amekonda. Walikuwa na mfuko wa sukari na kitenge. Na katibu, mkononi, alikuwa ameshika sale.

Aristides aliliona hata kabla hajaona sura zao. Lilikuwa limefungwa fundo, lakini walilikata vibaya, pamoja na kipande cha shina. Alijua limetoka wapi. Pale getini kwao walipanda masale mstari mzima kwa ajili ya mgeni.

Filemon na Margareta walifika mbio kutoka kwa jirani. Elinipendo ndiye aliyeanza, kwa heshima zote. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni."

"Baba, sisi ni watoto wako. Tumeona barua na vikao haviponyi. Tumesema tuje kwa njia ya kwetu." Akamtazama katibu. Katibu akasimama, akalinyoosha jani.

"Mzee Aristides, kwa niaba ya uongozi wa hospitali, tumekuja kuomba msamaha kwa yote yaliyotokea."

Filemon alishusha pumzi. Akamwinamia kaka yake sikioni. "Kaka, pokea. Sale huwezi kulikataa, unalijua hilo. Pokea tumalize."

"Sijakataa," Aristides akasema kwa sauti ya kusikika na wote. Akageuka kwa katibu. "Yaliyotokea ni mengi. Ijumaa ile kulinyesha. Jumamosi mgeni alikunywa soda. Unaomba msamaha wa lipi?"

"Kwa... usumbufu wote uliojitokeza."

"Usumbufu ni kuku akiingia jikoni. Mke wangu hakufa kwa kuku."

Margareta akaguna. Elinipendo akauma mdomo, na haikujulikana kama anazuia kilio au kicheko.

"Mzee," katibu akasema, jasho linamtoka kwenye baridi ile, "nisingependa tuingie kwenye mambo ya nani alifanya nini. Mwanasheria wetu ametushauri kwamba..."

"Sale mlikuja nalo nyinyi au mwanasheria?"

Katibu akaligeuza jani mkononi.

"Muulize huyu dada yangu," Aristides akasema, anamwonyesha Margareta. "Alipiga magoti pale mlangoni. Hakusema anaomba msamaha kwa yaliyotokea. Alisema: nilisema neno hili, mahali hapa, kwa sababu ya wivu. Ndiyo maana jani lilipokelewa. Jani bila kosa ni majani ya ng'ombe."

Ndipo Daktari Ebenezeri akavua miwani.

"Mzee wangu, mimi niliacha maagizo. Ijumaa asubuhi, nikiwa Dodoma, nilipigiwa simu. Nikaambiwa vitanda vinatakiwa. Nikasema mama Kornelia hapana. Nikaambiwa..."

"Daktari," katibu akasema.

Alilisema polepole tu, kama mtu anayemwamsha mwenzake kanisani. Daktari Ebenezeri akaanza kufuta miwani kwa shati. Aristides akamsogelea mpaka karibu, akamshika koti lake zuri kwa mikono ile yenye maganda ya kahawa.

"Ulipigiwa na nani?"

Daktari alimtazama Aristides, akamtazama katibu, akatazama kilipo kaburi, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mdomo ulifunguka. Halafu akavaa miwani yake, akasema, "Nisamehe, mzee," akarudi garini na alama za vidole kwenye koti.

"Basi," Aristides akasema. Alimwambia katibu alipande lile jani mwenyewe, pale penye njia ya kuingilia, kwa kuwa lina shina, lisubiri hapo kosa lake. Katibu hakuwa amewahi kuchimba. Elinipendo alimsaidia kwa kijiti, huku kitenge kikiwa bado begani mwake. Sukari waliondoka nayo.

Filemon alikaa wiki kadhaa hamsemeshi kaka yake, anasema ameiletea nyumba mkosi. Padri alikuja, akazungumza habari za kusamehe, akapewa kahawa, akaulizwa swali lile lile, akaaga. Daktari Ebenezeri inasemekana amehamia Mwanza.

Sale limeshika. Mvua za vuli zililikuta, likatoa majani mapya, sasa linafika gotini, na kila anayeingia lazima alipite. Aristides halimwagilii wala haling'oi. Akipita mtu wa mjini, mwenye gari, akasimama kuuliza njia ya kwenda juu, Aristides humwelekeza vizuri sana, mpaka kwenye kona ya mwisho, kisha humwuliza na yeye, kwa sababu huenda anafahamiana na wakubwa: nani alisema Kornelia aende nyumbani?